Sekunde Kumi na Nne za Muheme

Masharti yalikuwa matatu, na Mama Dorothea aliyasema amesimama, sisi tumekalia ndoo zilizopinduliwa. Uso usionekane. Jina lisitajwe. Sauti ya mtoto yeyote wa nyumba ile isisikike, hata akikohoa.

"Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mama," tukajibu, mimi na Optatus, mwanafunzi wa chuo mwenye kamera.

"Wewe mshairi, nataka nikusikie peke yako."

"Nimekusikia, mama."

Optatus akacheka chini chini. Nikamkanyaga mguu.

Nyumba ile ipo Nzuguni, pembezoni mwa jiji, nyuma ya geti jeusi lisilo na maandishi yoyote. Wasichana kumi na mmoja wanaishi humo, wote wamekimbia kwao: mwingine kisu cha ngariba, mwingine ndoa, mwingine mikono ya ndugu yake mwenyewe. Mama Dorothea ni muuguzi mstaafu, ndiye anayewalea. Alinisikia redioni nikisoma mashairi yangu, akanitafuta. Alitaka wimbo, na video ya kuusindikiza wimbo huo: hadithi ya msichana anayekimbia, anapotea, halafu anapata tumaini. Ingeonyeshwa mashuleni na vijijini ili wasichana wengine wajue kwamba kuna pa kukimbilia.

Mimi ushairi hakunifundisha mtu. Niliacha shule kidato cha pili, mizani nimejifunza kwa kuhesabu vidole juu ya paja nikiuza vocha, mpaka nikajaza madaftari matatu. Kwa hiyo mtu anaponitafuta kwa ajili ya maneno yangu, sijifanyi kwamba sijafurahi. Wimbo niliumaliza kwa siku mbili. Ulianza hivi:

Nimevuka reli peku, viatu vi mkononi,
Nyuma nimeacha ng'ombe, mbele sijui ni nini.

Mistari hiyo ilikuwa maisha ya Paskazia. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwao ni mbele kabisa ya stesheni ya Zuzu, unaacha reli unatembea nusu siku. Baba yake alikufa, akabaki mikononi mwa baba yake mdogo, Nathanaeli, na Nathanaeli akampata mwanaume wa kumwoa. Ng'ombe wa mahari walishaingia zizini siku Paskazia alipoondoka. Alikubali tumpige picha kwa nyuma, mgongo tu na miguu.

Tuliigawa hadithi katika vipande kumi na viwili vya karatasi ya mfuko wa saruji, tukavibandika ukutani, kila kipande tukio moja. Kumi na moja vilikwenda vizuri. Cha mwisho, cha tumaini, ndicho kilichotugombanisha.

"Joho," nilisema. "Anahitimu. Anarusha kofia juu, kamera inapanda nayo."

"Joho la nani?" Paskazia aliuliza.

"La kwako. Umesoma, umemaliza."

"Kaka Uli, mimi nipo la saba."

Wenzake wakaangua kicheko. Optatus akasema, "Mshairi wa taifa ameshikwa pabaya."

"Haya, wewe unataka nini?" nikamuuliza, kwa ukali kidogo.

Alifikiri. "Nataka huyo msichana awe amelala mchana. Geti ligongwe, na yeye asiruke. Ageuke tu, aendelee kulala."

"Basi?"

"Basi."

Niliona ni jambo dogo mno kumalizia wimbo wangu. Sikulibandika.

Siku hiyo hiyo ndiyo niliyokataa mdundo wa kompyuta alioleta Optatus. Nilimwambia hauna jasho. Katika nchi ya Wagogo, nikasema, msichana akimbie kwa mdundo wa kompyuta? Stoo kulikuwa na muheme moja, ngoma nyembamba kiunoni, ambayo wanawake huibana kwa magoti wakaipiga kwa viganja. Nikauliza nani anaweza. Paskazia akaichukua, akaibana magotini.

Alianza na mapigo mawili mazito, akanyamaza mpaka ukadhani ameghairi, kisha vidole vikashuka kama mbuzi anayeteremka mawe. Hata Mama Dorothea alitoka jikoni.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Bibi. Kila mpigaji ana mwanzo wake. Huu wa bibi."

Nilichukua simu nikarekodi. Mikono tu na ngozi ya ngoma, hakuna uso. Ngoma si jina, na wala si sauti ya mtu. Niliyapitia masharti yote matatu kichwani nikaona sijavunja hata moja. Alasiri, nikiwa nyumbani kwetu mtaa wa Kikuyu, niliweka sekunde kumi na nne kwenye stetasi yangu. Nikaandika chini yake: Kitu kinapikwa Nzuguni. Kaeni mkao wa kula.

Watu walikuja na emoji za moto na za makofi. Nilijibu kila mmoja.

Kesho yake saa tatu asubuhi ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua.

"Mbukwenyi. Huyu anayepiga ni nani."

Nilijua ni salamu ya Kigogo, nikadhani ni shabiki. Nikajibu: "Ni msanii wetu, mzee wangu. Wimbo unakuja."

Akatuma sauti. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole, nyuma yake wapiga debe wanaita abiria.

"Kijana, ule mwanzo ni wa mama yangu. Hapana mtu mwingine anaupiga hivyo. Amemfundisha mjukuu mmoja tu. Video yako imeletwa kwenye kundi letu la kijiji jana jioni, pamoja na maneno yako na namba yako. Mimi nimefika stendi hapa Nzuguni sasa hivi. Nielekeze."

Nilifuta stetasi. Kwa haraka niliifungua mara mbili kabla ya kuifuta. Kisha nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka uso unawaka: nikajaribu ujanja. Nikaandika, "Umekosea mzee. Huyo ni mama mmoja wa huku Kikuyu, mpigaji wa kwaya."

Jibu halikukawia.

"Mama gani. Mikono ile ya mtoto. Dole gumba la kulia lina kovu la moto, aliungua kwa uji akiwa na miaka minne. Mimi ndiye nilimpeleka zahanati."

Video ilikuwa bado kwenye simu. Niliifungua nikasogeza macho karibu. Kovu lilikuwepo, jeupe, na mimi siku zote zile nilizokaa na yule mtoto sikuwahi kuliona.

Nilichukua bodaboda. Njia nzima nilijiambia pengine hataipata nyumba, Nzuguni ni kubwa, geti halina maandishi. Lakini mtu mwenye video mkononi anaweza kumwuliza muuza maji yeyote: nyumba ya wasichana wengi ni ipi? Tulipopita karibu na stendi kila mwanaume aliyesimama peke yake niliona ndiye. Mmoja aliinua mkono kuniita. Alikuwa anauza karanga.

Nilimkuta Mama Dorothea anaanika mashuka. Hata shikamoo sikumpa. Nilimweleza yote, nikampa simu asikilize. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza, "Amemtaja jina?"

"Bado."

"Hana haja. Amelitaja dole gumba."

Akapiga simu polisi, dawati la jinsia. Afande aliyefahamiana naye alikuwa njiani kutoka kwenye shauri lingine. Alisema wampe saa moja. Mama akatazama geti kama anayepima saa moja ina urefu gani. Akampigia jirani mwenye gari.

Nilipogeuka, Paskazia alikuwa mlangoni. Alishasikia.

Hakulia. Alianza kukunja nguo zake juu ya meza, moja moja, anazinyoosha kabisa. Sketi ileile aliikunja mara tatu.

"Baba mdogo yuko na nani?"

"Sijui," nikasema. "Nimesikia sauti yake tu."

"Haji peke yake. Yule mwanaume aliyetoa ng'ombe ana pikipiki. Kaka Uli, uliandika Nzuguni?"

"Niliandika."

"Kwa nini?"

"Nilitaka watu wajue."

"Wajue nini?"

Alingoja kabisa. Hakuwa ananisuta, alitaka kujua.

"Una madaftari matatu ya maneno," alisema polepole. "Leo umekosa neno moja."

Gari la jirani likaingia kinyumenyume hadi mlango wa jikoni. Paskazia alilala chini, kwenye nafasi ya miguu nyuma ya viti, wakamfunika na magunia ya mkaa yaliyokuwa matupu. Niliona bega lake linapanda na kushuka haraka haraka chini ya gunia.

"Unampeleka wapi, mama?" niliuliza.

Mama Dorothea alikuwa anapanda mbele. Alinigeukia.

"Wewe? Nikuambie wewe?"

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Akanitupia kufuli. "Watoto nimewafungia chumba cha ndani. Wewe ndiye uliyefungua, wewe ukae hapa ufunge. Afande akija mfungulie. Mwingine yeyote, hapana."

Gari likaondoka. Nikasimama nje ya geti, kufuli nimelipiga, ufunguo nimeusukuma ndani ya soksi. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, hakuna mtu. Nilimpigia Optatus, hakupokea, alikuwa darasani. Nikahesabu dakika. Kila pikipiki iliyolia mbali niliigeukia.

Wakafika baada ya dakika ishirini na tano. Wawili, pikipiki moja. Aliyeshuka alikuwa mfupi, amevaa koti la kanisani lenye vumbi begani, uso wa mtu mstaarabu. Aliyeendesha hakushuka wala hakuzima injini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, shingo nene, na alitazama juu ya ukuta, si mimi.

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka yenyewe.

"Marahaba. Wewe ndiye Uli wa kwenye picha ya namba ile. Mshairi." Alitabasamu kidogo. "Mimi Nathanaeli. Mimi si mtu mbaya, kijana. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Hapa ni kwa watu, mzee. Wenyewe hawapo."

"Bibi yake anaumwa. Hali chakula, haongei. Jana nilimsikilizisha ile ngoma yako, akafumbua macho akasema, mleteni." Sauti ilikatika katikati, akakohoa kuificha. "Unataka mama yangu afe hajamwona?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa panga. Nilimtazama machoni nikitafuta uongo, nisiuone, nisione pia kwamba haupo.

Ndani ya nyumba mtoto mmoja akapiga chafya.

"Wamo," akasema yule wa pikipiki. Ndilo neno lake la kwanza.

Nathanaeli akanishika shati kifuani, upole wote umekwisha. "Fungua."

"Sina ufunguo."

"Fungua! Yuko wapi?"

"Sijui."

"Unajua! Wewe ndiye uliyempiga picha, wewe ndiye uliyetangaza, halafu hujui?"

"Baba, sijui alipo! Wamemwondoa, nimeuliza wanampeleka wapi, wamekataa kuniambia. Mimi! Hawaniamini!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba mwanamke wa nyumba ya pili alitoka nje. Aibu ilikuwa imenijaa usoni, machozi yananitoka mbele ya watu nisiowajua, na sikuwa ninaigiza chochote. Mkono wa Nathanaeli ukalegea kwenye shati.

"Hajui kweli," akamwambia mwenzake.

"Turuke ukuta."

"Kwa ajili ya nani? Ameshaondoka, unasikia?"

Yule mtu akashusha mguu chini. Mimi nikaegemeza mgongo kwenye geti nikashika vyuma kwa mikono yote miwili nyuma yangu. Mwanamke wa nyumba ya pili akaita, "Kuna nini hapo?" Mwingine naye akatoka na mwiko mkononi. Kisha mwisho wa barabara likatokea gari la polisi, linakuja polepole linatafuta nyumba.

Pikipiki ikageuka pale pale ikaondoka, ikamwacha Nathanaeli amesimama na koti lake. Hakukimbia. Afande alipomtaka apande gari waende kuandika maelezo, alipanda mwenyewe. Akaniambia dirishani, "Mwambie tu kwamba bibi anaumwa. Hilo tu."

Mama Dorothea alirudi saa kumi, peke yake. Aliwahesabu watoto kwanza. Kisha nikampa ujumbe wa Nathanaeli, neno kwa neno.

"Kila anayekuja kwenye geti hili ana mtu anayeumwa nyumbani," alisema.

"Na kama ni kweli, mama?"

Akakaa kwenye ndoo. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka.

"Kama ni kweli, mtoto atataka kwenda. Akienda hatarudi." Alipangusa uso kwa khanga. "Nitatuma mtu wa kanisa akaangalie. Nitaamua mimi, na dhambi itakuwa yangu. Wewe nenda. Video imekwisha."

Nilitaka kumwuliza kama Paskazia alisema lolote njiani. Sikuuliza. Niliubandua mkanda wa gundi, nikashusha karatasi zote ukutani, nikamkabidhi jikoni awashie moto.

Nje, barabara ilikuwa tupu. Niliitafuta ile pikipiki pande zote mbili, kwenye vichochoro, nyuma ya tofali za nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Haikuwepo popote, na yule mtu sasa alikuwa anaujua uso wangu na jina langu. Kituo cha magari ya kwetu kilikuwa kulia. Nikapinda kushoto, nisije nikafuatwa hadi nyumbani, nikatembea haraka, bila kujua ninakwenda wapi.