Stendi ya Mtu Aliyekaa

Kazini waliniita Nusu Milimita, na sikuwahi kulichukia jina hilo. Kwa miaka thelathini nilipima viwanja, barabara na mipaka ya watu wasioelewana, na hakuna jiwe nililolisimika likaja kung'olewa kwa kosa langu. Kwa hiyo mke wangu aliponiomba nimtafutie stendi ya miguu mitatu ya kuwekea darubini, niliona hilo ni jambo dogo kabisa. Vyombo vyetu vya kupimia husimama juu ya miguu hiyo hiyo; kama kuna mtu anayeijua miguu mitatu, ni mimi.

Darubini yenyewe aliachiwa na mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa sayansi aliyehama na mizigo michache. Ni ndogo, haizidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na ilikuja bila stendi. Mke wangu ni fundi cherehani. Aliilaza kabatini juu ya vitambaa, ikakaa humo mwaka mzima, mpaka siku tuliyotoka kwa daktari wa macho.

Daktari hakuzungukazunguka. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limeanza kufunga kutoka pembeni. Dawa ya matone ingesaidia kuchelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakingerudi. Njiani kurudi nyumbani mke wangu hakulia. Alisema tu, "Baba watoto, nataka kuiona milima ya mwezini kwa jicho langu mwenyewe, wakati bado ninalo." Sikumbuki mara nyingine, katika ndoa yetu yote, aliponiomba kitu kwa ajili yake peke yake.

Nikajitosa. Wiki tatu nilikuwa nikienda katika duka moja linalouza miwani na kamera, mpaka mwenye duka, binti mwenye miwani mizito kuliko yote anayoiuza, akawa akiniona tu anavuta stuli.

"Shikamoo mzee. Leo tunapima nini?"

"Marahaba. Leo tunamaliza."

Alinieleza kwamba stendi ina sehemu mbili: miguu, na kile alichokiita kichwa, yaani sehemu ya juu inayoishika darubini na kuielekeza. Stendi ya kwanza ilikuwa ya kamera, nyepesi. Niligonga mguu wake kwa kidole, nikachungulia, nikahesabu hadi saba kabla picha haijatulia. Niliirudisha. Ya pili ilikuwa na jiwe la uzito kwa nyuma, na kichwa chake lazima kwanza ukielekeze mahali maalumu angani ndipo kifuate mzunguko wa nyota. Niliipenda, lakini ilikuwa nzito, tena ilitaka hesabu, na mke wangu hakuomba hesabu.

Zikabaki mbili ambazo vichwa vyake vilikuwa rahisi: juu na chini, kushoto na kulia, basi. Kimoja kilikuwa na vishikio viwili vya kuzungusha, ili darubini isogee pole pole. Kingine hakikuwa na kishikio. Unaisukuma darubini kwa mkono, unakaza skrubu mbili, na ukishakaza haisogei ng'o.

Nilizungusha kishikio cha kile cha kwanza. Kilikwenda karibu robo mzunguko kabla kichwa hakijaanza kutii.

"Hiki kina mchezo," nikasema.

"Kidogo tu, mzee. Lakini kwa huyo atakayekitumia..."

"Binti yangu, vitu hivi nimevishika kabla hujazaliwa."

Akanyamaza, kama watu wengi wanavyonyamaza nikisema hivyo. Kisha akauliza, "Atakuwa anatazama amekaa au amesimama?"

"Amesimama. Nani anatazama darubini amekaa?"

Alinitazama juu ya fremu ya miwani yake, halafu akaenda kunitafutia boksi. Nilichukua stendi ya skrubu, yenye miguu minene na mirefu.

Alasiri hiyo hiyo nusu ya mwezi ilikuwa imeshapanda, nyeupe katika anga ya buluu. Niliisimamisha stendi uani, nikaikandamiza miguu udongoni, nikaweka pimamaji juu yake na kuhangaika mpaka kiputo kikatulia katikati. Mwezi hauhitaji pimamaji, najua. Mimi ndiye ninayeihitaji. Nikaulenga mwezi, nikakaza skrubu, nikatazama kwanza mimi, ili kuhakiki. Milima ile, na mashimo yake yenye vivuli! Nilisahau hata mgongo unaouma. Nilipokumbuka, nikamwita mke wangu.

Alikuwa ndani akimalizia zipu ya gauni la mtu. Magoti yake hayana haraka siku hizi. Alipofika ilibidi asimame kwa ncha za vidole, kwa sababu urefu nilikuwa nimeupima kwa usawa wa jicho langu.

"Usiguse," nikamwambia. "Ukigusa tu unaivuruga."

Akaweka mikono nyuma, akatazama, kichwa kimeinuliwa, kwa muda mrefu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na milima?"

"Nayo. Asante, mume wangu."

Akarudi kwenye zipu yake. Nilifurahi mno, wacha niseme ukweli. Nilijiona mwanaume aliyeifanya kazi ya maana. Nikainama tena, ili nami niione mara ya mwisho kabla sijafungasha.

Hapakuwa na kitu. Buluu tupu.

Vitu vyote nilivyowahi kuvilenga maishani vilikuwa vimesimama: jiwe la mpaka, pembe ya nyumba, fimbo ya kupimia. Unalenga, unakaza, unaandika. Mwezi haukuwa na habari na utaratibu huo. Wakati mimi nikishangaa, na yeye akitembea kutoka ndani, ulikuwa umeshatoka kwenye tundu na kwenda zake. Nililegeza skrubu, nikaisogeza darubini kidogo, nikaukuta pale pembeni.

Kwanza nilikasirika. Hiyo ndiyo tabia yangu, hasira hufika kabla yangu. Nikaingia ndani.

"Mbona umenidanganya?"

Hakuuliza nimejuaje. Aliondoa mguu kwenye pedali. "Umehangaika wiki tatu. Ningekwambia nini?"

"Ungesema huoni."

"Unakumbuka tulipokuwa wachumba, ukanipeleka kazini kwako, ukanionyesha jiwe juu ya kilima kwa chombo chako cha kupimia?"

Nilikumbuka. Kisa hicho nimekisimulia siku ya harusi yetu, na kila mtoto wetu anakijua kwa moyo: jinsi mama yao alivyochungulia akasema jiwe ni dogo, zuri, utafikiri sukari.

"Sikuliona," akasema. "Uliniambia nisiguse, nami sikujua ni jicho lipi la kufumba. Niliona kope zangu."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikitazama mimi kwanza, kisha nikimwambia kuna nini, naye akiitikia. Nilianza kuhesabu mengine aliyoniambia ameyaona, nikaacha, kwa sababu niliogopa hesabu itakavyotoka. Niliona aibu. Nikakaa juu ya rundo la nguo za wateja, na hata hakunifukuza.

Siku ya pili yake tulikwenda dukani pamoja. Mwenye duka alimwamkia, akamvutia stuli, wala hakunitazama kwa jicho la 'nilikwambia', jambo ambalo nitamshukuru siku zote. Alifupisha miguu ya stendi ya vishikio mpaka tundu la darubini likafika usawa wa jicho la mtu aliyekaa. Mke wangu hakugonga mguu wala hakuchungulia. Alishika vile vishikio viwili, kimoja kila mkono, akavizungusha mbele na nyuma huku anatazama ukutani.

"Kina mchezo," nikamnong'oneza. Sikuweza kujizuia.

"Nimeusikia. Hata cherehani yangu inao. Unaumaliza kwanza kwa kidole, ndipo unazungusha." Akazungusha. Kichwa kikaondoka taratibu, bila kushtuka. "Hii," akamwambia mwenye duka.

Jioni, kabla jua halijazama, aliitoa uani stuli yake ya kushonea. Mwezi ulikuwa umenenepa kidogo. Nilikuja na pimamaji mkononi, akaniangalia, nikairudisha mfukoni. Kuutafuta mwezi kulimchukua muda ambao mimi ningeutafuta mara kumi. Nilikaa kizingitini na mikono nimeikalia, maana ilikuwa inawasha. Halafu mabega yake yakashuka, na mikono ikaanza ile kazi yake ndogo, kishikio hiki, kishikio kile, kama anapitisha hariri chini ya sindano.

Sikumuuliza kama ameona. Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni pake.

"Pale panapoanza giza," akasema hatimaye, "ukingo haukunyooka. Umechanikachanika, kama kitambaa ambacho hakijapigwa pindo. Na nje ya ukingo, gizani kabisa, kuna kinukta kinang'aa peke yake."

"Kilele cha mlima," nikasema. "Jua limekifikia kabla ya bonde."

Jana yake nilikuwa nimeutazama ukingo wa giza kwa darubini hiyo hiyo, na sikuwa nimekiona kinukta chochote.

"Njoo," akasema. "Usiguse."

Nilipiga magoti kando ya stuli, nikaweka mikono nyuma, nikaweka jicho. Mwezi ulikuwa katikati, umetulia, yeye anaufuata kwa vidole bila kuutazama. Lakini nilichokiona kilikuwa mwanga tu, umetota, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa na sikuweza kuyafuta.

"Umeona?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Sijaona," nikasema.

Nilisikia kishikio kikizunguka kidogo karibu na sikio langu.

"Futa macho," akasema. "Nakushikia."