Kamera Iliyosuguliwa kwa Majivu

"Majivu ya nini?" nilimuuliza Pierrette kwa mara ya tatu.

"Ya makala, Mama Felistus. Ya makala tu. Nilichekecha na kitambaa, hayakuwa na muchanga."

"Kwa hiyo ulisugua kamera ya kliniki kwa majivu ya mkaa, kama sufuria."

"Si kama sufuria. Kama kioo ya taa." Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Ile kioo ilikuwa nyeusi, mama. Unaangalia, hauoni kitu. Nikasema ni moshi. Leo ona vile inangaa. Pa nafasi ya aksanti unanipa matusi."

Niliiinua kamera mbele ya macho yake. "Unaona nini?"

"Naona uso yangu."

"Basi hapo ndipo ulipoiua."

Tuko wawili kwenye kituo hiki kidogo cha afya kando ya ziwa. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Pierrette ni msaidizi wangu. Alivuka kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, na wazazi wake akiwa msichana, Kibemba chake bado kinachechemea, ndiyo maana tunagombana kwa Kiswahili. Jumatatu na Alhamisi tunawapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Unapaka siki, unangoja dakika moja, na penye hatari panageuka peupe. Mimi naangalia kwa macho yangu, kisha tunapiga picha na kuituma kwa simu kwa daktari aliyeko Mansa, naye anathibitisha.

Kwao Pierrette, baba yake alivua chisense, dagaa wa ziwa letu, kwa taa. Kazi ya wasichana ilikuwa kusugua vioo vya taa kwa majivu kila mchana mpaka vimetemete, maana taa yenye masizi haivuti samaki. Ijumaa iliyopita aliona lenzi nyeusi akafanya alivyofundishwa na mama yake.

Lakini lenzi ile ilitakiwa kuwa nyeusi. Mkufunzi aliyetuletea kamera alisema uso wake umeoteshwa vinundu vidogo kuliko wimbi la mwanga, vingi kupita hesabu, vimesimama kama nywele fupi. Mwanga ukivifikia haurudi nyuma, unazama ndani. Wameiga jicho la nondo, alisema, ambalo halimetemeti hata ukilimulika. Kidole kimoja kinaweza kuvilaza, na vikilala haviinuki tena. Alitupa kipulizio cha mpira kwa ajili ya vumbi. Siku hiyo Pierrette alikuwa kwenye chanjo, na mimi sikumwambia. Kosa hilo ni langu.

Niliketi, nikafungua picha za wiki ile. Jumatatu tulipima wanawake kumi. Katika picha zote kumi kulikuwa na doa jeupe juu upande wa kulia, kama alama ya bilauri kwenye meza. Mwanga wa tochi ulikuwa ukigonga vioo vya lenzi na kurudi, ukijichora mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nililiona doa lile tangu Jumatatu, nikadhani ni mkono wa Pierrette umetikisika. Daktari aliuliza mara moja, kisha akalizoea. Kwa wale kumi sikuogopa, kwa sababu niliwaangalia mwenyewe.

Picha ya kumi na moja ilipigwa asubuhi hiyo ya Alhamisi. Ilikuwa ya binti yangu, Felistus.

Kwetu mama haangalii sehemu hiyo ya binti yake aliyekwisha kuzaa. Mambo hayo ni ya shangazi na ya wanawake waliomfunda. Mimi nimewaangalia wanawake wa pwani hii nusu nzima, lakini Felistus alipopanda kitandani nilitoka nje nikasimama jikoni, na yeye asingekubali vinginevyo. Pierrette alipaka siki na kupiga picha. Kupiga anajua, kuamua hajafundishwa. Saa nne daktari alijibu kwamba doa ni lile lile la mwanga, mgonjwa aende nyumbani. Felistus alinicheka kwa kumtisha bure, akabeba mzigo wake akaenda kwenye boti ya kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, anakoishi na mume wake.

Nilipokuwa nairudisha kamera kwenye mfuko wake ndipo nilipoona uso wangu kwenye lenzi, na ugomvi ukaanza. Tangu tuipate sikuwahi kuuona.

Niliikuza picha ya binti yangu mpaka ikajaa kioo cha simu. Doa lilikuwa juu kulia, kama mengine. Lakini yale ya Jumatatu yalififia pembeni. Hili upande mmoja lilikuwa na ukingo, kama ramani ya kisiwa.

"Labda ni mwanga," Pierrette alisema polepole. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Labda."

Dada yangu Chola naye aliambiwa labda. Saratani hii ilimuua akiwa na miaka thelathini na minane, na miezi ya mwisho tulichoma vitambaa vyake nyuma ya nyumba kila asubuhi. Felistus ana thelathini na mmoja na watoto watatu. Nilipiga simu yake, ilikuwa imezimwa. Huizima kila akisafiri majini, asije akailowesha akiwa anaongea. Nilishuka ufukweni mbio na viatu vya kazini.

Boti ilikuwa imejaa. Felistus alikuwa ameketi juu ya gunia la unga katikati, na Levy, mwenye boti, alikwisha kuvuta kamba. Nilimwambia binti yangu ashuke.

"Nesi, wagonjwa wa huku wamekwisha mpaka unatuibia abiria?" Levy aliuliza, na boti nzima ikacheka.

Felistus hakucheka. Aliniangalia usoni, na nikaona ananisoma. Aliuliza kama daktari amegeuza jibu. Nikamwambia hapana, kamera ndiyo mbovu, na jibu halifai.

"Basi nitarudi mwisho wa mwezi daktari akija, Mayo." Ndivyo anavyoniita, mama kwa Kibemba.

"Hutarudi. Upepo utakuwa mbaya, au mtoto ataumwa, au mume wako atakuwa na nyavu za kushona. Nakujua."

"Nani ataangalia?"

Sikuwa na namna ya kulipamba. Nikajibu kwamba ni mimi. Alitazama chini. Wanawake wawili kwenye boti waligeuka kutazama maji, maana walielewa.

"Si vizuri, Mayo," alisema kwa sauti ya chini.

"Si vizuri. Kumzika Chola pia hakukuwa vizuri. Shuka."

Alisimama kutoka kwenye gunia. Kisha alimwomba Levy amfikishie unga kwa mume wake, akakusanya chitenge chake magotini na kuingia majini. Nilitangulia njiani, naye akanifuata.

Chumbani alilala, akajifunika uso wote kwa chitenge. Nilivaa glavu. Kidole kimoja kilikataa kuingia mahali pake, ikabidi Pierrette anisaidie. Nilipaka siki. Pierrette alishika saa yake, akahesabu dakika kwa kunong'ona, na katika dakika hiyo nilimwomba Mungu mambo ambayo siyaandiki.

Niliwasha tochi nikaangalia.

Kulikuwa na weupe. Sikuamini bado, kwa kuwa penye maji pote panameta. Nikaisogeza tochi kushoto. Mmeto wa maji uliikimbilia tochi. Nikaisogeza kulia, mmeto ukahama tena. Weupe haukuhama. Ulikaa pale pale na ukingo wake, mzito, kama ugali uliogandia chini ya chungu. Hapakuwa na lenzi kati yangu na ule weupe, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilitaka kutoka nje tena nisimame jikoni.

Badala yake niliangalia jinsi nilivyofundishwa. Mpaka wake wote niliuona. Haukuingia ndani kwenye mfereji wa kizazi. Ulikuwa mdogo, mdogo kuliko kichwa cha mashine yetu ya kuchomea weupe kwa joto. Mwanamke mwingine yeyote mwenye weupe wa namna ile ningemtibu siku hiyo hiyo, nisingengoja mtu wa Mansa.

"Felistus," nilisema. "Weupe upo. Haujawa saratani kwa jinsi ninavyouona, lakini ukiachwa unaweza kuwa. Naweza kuuchoma sasa hivi. Utasikia tumbo linakaza kama siku za mwezi. Au usubiri daktari. Ni mwili wako."

Chitenge kilipanda na kushuka juu ya mdomo wake.

"Mkono wako unatetemeka?" aliuliza.

"Ulikuwa unatetemeka."

"Choma."

Nilinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, na Pierrette akaniwekea mashine kiganjani, imekwisha kupata moto. Niliweka kichwa chake juu ya weupe, nikahakikisha kimeufunika pande zote, nikabonyeza.

"Hesabu sekunde," nilimwambia Pierrette.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."