Gundi ya Unga

Amri ya kufungua maboksi ya vitabu vilivyofungiwa ilifika maktabani Jumatatu. Kufikia Alhamisi, dada wa chumba cha watoto alikuwa ameshamwahidi binti yake kitu ambacho hakuwa nacho mkononi: kwamba Jumamosi, kwenye saa ya kusoma, watoto wote wangeuona uso wa babu yake mdogo.

Binti alikuwa na miaka kumi. Nyumbani walimwita Bi Maswali, maana ukimjibu moja anakuletea matatu mengine. Huyo babu mdogo alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwemo kwenye picha ya walimu saba walioongoza maandamano ya kudai kura, ndani ya kitabu cha historia kilichoandikwa kwa ajili ya watoto. Miaka michache baadaye wale saba walikosana na wenye madaraka. Gari likaja shuleni saa nne asubuhi, mwalimu akaacha chaki mezani, na ikawa ndiyo basi. Bibi akazichoma picha zake zote siku ileile, kwa woga. Kisha ikaja amri kwamba ukurasa ule ufunikwe kwa karatasi katika kila nakala. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa fundi jalada wa maktaba, kaka wa yule mwalimu na baba mzazi wa dada wa chumba cha watoto.

Fundi sasa alikuwa mzee aliyestaafu. Siri yake aliitoa juzi tu, aliposikia maboksi yanafunguliwa. Alimweleza dada kwamba hakutumia gundi ya kiwandani, ambayo ikishika imeshika. Alikoroga unga wa ngano kwa maji ya moto, kwa sababu gundi ya unga ukiipa mvuke kidogo inaachia.

"Nilikuwa namfunika, mwanangu," alisema. "Sikuwa namfuta."

Ijumaa mchana walikaa watatu kwenye chumba cha kukarabatia vitabu, birika likichemka. Mzee alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti, kama mtu anayengoja mgeni. Bi Maswali akamuuliza kama anakwenda kuposa.

"Nipose nani, na mke wangu ni wewe? Hebu sogeza birika. Mke asiyejua kuchemsha maji anarudishwa kwao."

Dada akaishika nakala ya kwanza juu ya mvuke, akapitisha kisu butu pembeni. Karatasi ikanyanyuka taratibu kama utando wa maziwa. Chini yake hapakuwa na picha. Palikuwa na tundu kubwa lenye kingo za kutafunwa, na vumbi la karatasi likamwagika mapajani mwake. Akadhani ni bahati mbaya ya nakala moja. Akachukua ya pili, akachukua ya tatu, ya mwisho. Tundu ni lilelile. Mende na vidudu vya maboksini wanapenda unga. Walianza na gundi, wakamalizia na nyuso.

Mzee alikitazama kiganja chake kana kwamba bado kina ukoko wa ile gundi.

"Nimewapikia," alisema.

Bi Maswali akauliza, kwa sauti ya chini asiyoizoea, "Babu, kwa nini hukukataa?"

Mama yake akataka kumnyamazisha. Mzee akainua mkono.

"Mama yako alikuwa tumboni, mwezi wa saba. Niliogopa gari lisije likarudi na kwangu."

Dada akainama, akajifanya anafuta maji mezani. Miaka yote amekuwa akiwafundisha watoto wa watu kwamba kitabu kinakupeleka kwa wale usiowahi kukutana nao. Leo alimpeleka mwanawe mpaka mlangoni, akakuta nyumba tupu, na kumbe mwenyewe alikuwa sehemu ya kufuli.

Bi Maswali ndiye aliyeona viatu. Karatasi ya kufunikia ilikatwa fupi, ikaishia magotini, hivyo jozi saba za viatu zilikuwa hapo miaka yote, wazi kabisa. Akauliza ni vipi vya babu mdogo. Mzee akasogeza ukurasa puani, macho yakahangaika, kidole kikasimama kwenye jozi ya tatu.

"Hivi ni vyangu. Alikuja kuviazima asubuhi ile, akasema hapigwi picha na kandambili. Kamba ya kushoto ilikatika, nikamwekea uzi wa kushonea vitabu. Unauona? Ule mweupe."

Waliuona.

Jumamosi watoto kumi na wanne walikaa kwenye mikeka. Dada alisoma vizuri mpaka ukurasa ule, halafu akampa binti yake kitabu. Bi Maswali akakiinua juu, mwanga wa dirisha ukapenya kwenye tundu. Mmoja akacheka, akasema panya wamekula somo. Siku nyingine angejibiwa mpaka ajute.

"Hapa alikuwepo babu yangu mdogo," Bi Maswali alisema. "Hatumuoni tena. Ila viatu alivyovaa ni vya babu yule pale, na huu uzi alimfungia yeye."

Watoto wote wakageuka. Kwenye kiti cha nyuma, mzee akaivuta miguu yake taratibu, akaificha chini ya kiti.