Shahada Kwenye Mizani ya Viazi

Jana Jumapili, baada ya kula wali na maharage, nilijilaza mchana nikaota nimesimama sokoni Tukuyu, kwenye foleni ya wakulima wa viazi, nimeshika shahada yangu ya ujasiriamali. Wenzangu walibeba magunia. Mimi nilibeba karatasi, na mabega yalikuwa yananiuma.

Zamu yangu ikafika. Mizani ilikuwa ya zamani, ikabidi niiamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba, Tusajigwe. Umeleta nini?"

"Shahada. Nataka kujua kama inalipa. Mdogo wangu Ambakisye kachaguliwa kusoma hiyohiyo. Mkopo hautoshi, kwa hiyo kesho mama anauza cherehani ajazie ada."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Nimewaambia inalipa."

Mizani ikakohoa, ikaita wapimaji wawili. Wa kwanza alipima mapato yangu kwa kisado. Alijaza, akapitisha rula juu mpaka yakawa sawa na mdomo wa ndoo, yaliyomwagika akayafagia kwake. Wa pili alipima deni langu la mkopo wa chuo. Huyo alichukua gunia, akalijaza, akalishonea kipande cha gunia jingine juu, akajaza tena, akashindilia kwa goti. Lumbesa. Kwetu hakuna asiyeijua: kwa jina gunia moja, kwa mgongo wa mbebaji moja na nusu.

"Mbona vipimo haviko sawa?"

"Ulisaini," gunia likanijibu kwa upole. "Ukurasa wa nne wa mkataba wa mkopo. Ulikuwa na haraka ya kwenda kupiga picha za pasipoti."

Ni kweli nilikuwa na haraka. Sikusoma hata mstari mmoja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Naweka sahihi ya kupokea majibu, nainua kichwa, soko limekuwa ukumbi wa chuo. Nyanya zimekaa viti vya mbele. Mama mmoja mwenye mkasi anapita kati ya madawati.

"Makato," anasema. "Asilimia kumi na tano ya kila kitu."

Anakata kivuli changu kuanzia miguuni. Anakata kona ya shahada. Kisha anaitoa Jumapili kwenye wiki yangu, anaikunja, anaitia mkobani.

"Jumapili ni asilimia kumi na nne tu na kitu kidogo," anasema. "Hicho kilichobaki nitakudai."

Namshukuru. Sijui kwa nini namshukuru.

Mhadhiri anaingia. Ni cherehani ya mama, ile ya kwanza, iliyouzwa mwaka nilioanza chuo. Imepakwa rangi mpya.

"Somo la leo ni namna ya kuanzisha biashara," inasema. "Hatua ya kwanza, uwe na cherehani."

Tunaandika.

"Hatua ya pili, usiiuze."

Nyanya zote zinageuka kunitazama.

"Nilikuwa nashona sare za shule tatu," cherehani inaendelea. "Mkaniuza ili uende ukasomee biashara. Sina kinyongo, niko kwa fundi mmoja Kyela na mafuta ananitia. Lakini mama yako alishona kwa mkono miaka miwili, mpaka zamu yake ya upatu ilipofika akanunua nyingine. Huyo wa pili ni mdogo wangu. Wewe una mdogo wako, na mimi nina wangu. Sasa sema, unalipwa kiasi gani?"

"Laki sita," nasema, kama nilivyomwambia mama.

Sindano inashuka mara moja, inatoboa dawati, inapanda.

"Kiasi gani?"

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu hakusubiri hata nipate mtoto. Nalia mbele ya nyanya.

"Laki moja na themanini," nasema. "Nauza mafuta ya nywele dukani kwa watu. Mama aliuza cherehani kwa ajili yangu, ningemwambiaje? Niliogopa atajuta. Nikaona bora nijute peke yangu, nikadanganya, na leo uongo wangu unampeleka Ambakisye kulekule."

"Sema kwa sauti," cherehani inaniambia. "Mama yako anashona, hasikii vizuri."

Nikapiga kelele, laki moja na themanini, mpaka koo likakauka.

Niliamka saa kumi jioni, mto umelowa. Mshahara wangu sijawahi kumtajia mtu, hata jirani ninayechangia naye umeme. Nilichukua simu nitazame saa. Hapakuwa na alama kwamba nimempigia yeyote siku hiyo. Palikuwa na ujumbe mmoja wa mama, ulioingia dakika chache kabla.

"Mnunuzi nimemwambia asije. Ambakisye kanuna, mwache anune, tutamtafutia njia. Ila Tusa mwanangu, laki na themanini, na hapo kila mwezi unanitumia hamsini, wewe ulikuwa unakula nini?"