Mapovu Yasiyopumzika

Préfet Venant alipanda boti akiwa na viatu vya ngozi, saa mkononi, kalamu mbili na daftari jipya. Jaketi la kuokolea alilivaa juu ya shati la kazini, akafunga kamba zote mpaka ile ya shingoni, kisha akamwuliza Willy, mwenye boti, kama zimekaza. Willy akamwambia zimekaza. Hazikupita dakika mbili akauliza tena.

Kusema kweli, Venant na ziwa hawakuwa na la kuzungumza. Alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari, huko Cimpunda mjini, mtu wa kengele, ratiba na barua zenye mihuri, na kwa miaka yote kumi na mitano ya ndoa yake Ziwa Kivu halikuwahi kumlowesha zaidi ya kifundo cha mguu. Mtu wa maji alikuwa mkewe, Olive. Huyu alifundisha chuo kikuu, alikuwa amejifunza kuzamia alipokuwa masomoni Ubelgiji, na alikuwa na mwamba wake mbali na ufuko wa Katana ambao aliusema nyumbani kama wengine wanavyosema shamba lao. Mwamba huo hauonekani. Kilele chake kimesimama mita sita chini ya maji, na kuanzia hapo ukuta unashuka mpaka pasipojulikana. Mwaka uliopita Olive alifunga kwenye ukuta huo, mita kumi na nane chini, kifaa cha kuandika joto la maji kila saa. Sasa mkanda ulioshikilia kifaa ulikuwa umeanza kuoza. Kikianguka, mwaka mzima wa kazi unaanguka nacho.

Kwa kawaida Olive alizamia na mwenzake Jacques. Lakini Jumamosi hiyo Jacques aliamka na mafua, na mwenye pua iliyoziba hazamii, masikio yatamwadhibu. Kwamba mtu hazamii peke yake, hilo Olive aliwahubiria wanafunzi wake kila mwaka. Ila mhubiri naye ni binadamu. Waligombana kuanzia Nyawera mjini waliposimama kununua mkate, wakagombana barabara nzima mpaka karibu na Katana.

"Papa Ghislaine, ni vingt-cinq minutes tu," alisema Olive, kana kwamba dakika ishirini na tano si kitu. Ghislaine ni binti yao wa pekee, wa miaka kumi na miwili.

"Na kama kitu inafanyika kule chini?"

"Njo maana weye utakuwa pale. Mutu akiwa munda ya maji anapumua, mapovu inapanda. Weye unafwata mapovu. Fasi mapovu iko, njo fasi niko. Unaandika kila cinq minutes."

Neno "unaandika", tena kila dakika tano, lilimlainisha Venant. Kazi yenye daftari aliielewa. Alipochoka kugombana juu ya ziwa akagombana juu ya filimbi: filimbi ya chuma ya shule, ile yenye ufa, aliyoipuliza mwenyewe kila asubuhi kwa miaka sita, ilikuwa imetoweka wiki nzima. Alikuwa amekwisha kumwandikia Barthélemy, mwalimu wa michezo, barua ya kumtaka maelezo, ile wanayoiita demande d'explication. Olive aliangalia migomba nje ya dirisha.

Saa nne na dakika tano alizama. Alishika kamba ya boya jeupe lililofungwa kwenye kilele cha mwamba, akampungia mumewe mkono, na maji yakamfunika. Venant akafungua daftari akaandika: 10h05, ameingia.

Mapovu yalianza kupanda kando ya boya, fungu moja, kisha fungu jingine. Mwanzoni yalimtii. Lakini upepo wa kiangazi ulikuwa umeamka, mawimbi yakawa yanakimbilia ufukoni, na boti ikawa inageuka huku na huku kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Willy alimpa mgongo, mkono kwenye injini, akipambana kuiweka boti mahali pake. Venant aliinama kuandika mstari wa tatu. Alipoinua kichwa hakuona mapovu. Akageuka kulia, akageuka kushoto, na hayo hapo, hatua thelathini kutoka kwenye boya, mengi kuliko ya kwanza! Alishusha pumzi. Mke wangu ana mapafu, alijisemea, na akaona fahari kidogo.

10h15, mapovu mazuri. 10h20, mapovu mazuri sana. 10h25, mapovu mazuri, hayasogei. Hilo la kutosogea lilimfurahisha zaidi ya yote, maana ndivyo alivyowapenda hata wanafunzi wake. Alianza kuona kwamba kazi hii ya ziwa watu wanaikuza bure. Saa nne na nusu alifunika kalamu, akatabasamu, akasubiri kichwa cha mkewe kitokeze.

Kichwa hakikutokeza.

Alisubiri dakika moja, akasubiri ya pili. Mapovu yalikuwa palepale, yakipanda vizuri. Venant aliyakazia macho sana, kama anavyomkazia macho mtoto anayesema uongo vizuri mno, na ndipo akaona kilichokuwa mbele yake kwa robo saa nzima. Mapovu hayo hayakupumzika. Yalipanda mfululizo, hayakuacha nafasi. Na Venant, ambaye hakujua lolote juu ya maji, alijua jambo moja kuliko profesa yeyote duniani: alijua Olive anavyopumua. Miaka kumi na mitano alikuwa amelala kando yake. Olive hutoa pumzi ndefu, halafu hunyamaza kidogo, mpaka mtu aanze kuwa na wasiwasi, halafu ndipo anavuta nyingine.

"Willy," aliita, na sauti haikuwa ya mkuu wa shule. "Mapovu hii inasimamaka saa gani?"

Willy aligeuka, akatazama maji, kisha akamtazama yeye. "Préfet. Ni hii njo ulikuwa unaangalia?"

"Tangu dix heures et quart," alisema Venant, akionyesha mstari wa 10h15.

"Yesu wangu. Hii haiko ya Madame. Hii ni ziwa. Kule mulimani si kuko maji ya moto? Basi na humu hewa inatoka mu mawe. Iko inachemuka ivi tangu bankambo, tangu babu zetu."

"Na weye ulinyamaza!"

"Nilikuona unaandika," Willy alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. "Mutu ya masomo akiandika, miye nitamuuliza nini?"

Kwenye ukuta wa shule huko Cimpunda, kwa rangi ya buluu na herufi kubwa kama mlango, Venant alikuwa ameagiza iandikwe: KUULIZA SI UJINGA. Kila Jumatatu wanafunzi mia nne waliisoma kwa sauti mbele yake. Na yeye alikuwa amekaa juu ya maji asiyoyajua, robo saa nzima, hajauliza hata neno moja. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu ambayo hakuwahi kuionja. Mtungi wa Olive ulikuwa na hewa ya dakika arobaini na tano, mwenyewe ndiye aliyemwambia Venant. Saa ilisema kumi na tano tu ndizo zilizobaki. Jioni Ghislaine angefungua mlango, angetazama nyuma ya baba yake na kuuliza mama yuko wapi.

"Twende kule!" alipiga kelele, akionyesha ufukoni. "Mawimbi inaenda kule! Ongeza moto ku injini!"

"Hapana."

"Willy, nakuambia!"

"Préfet, ikaa. Mawimbi ni ya upepo. Madame haiko mu upepo, iko mu maji." Willy alikuwa amekwisha kuchukua bidoni la njano, dumu la lita ishirini. Alilitumbukiza, akaliacha linywe mpaka ikabaki inchi moja tu ya mshikio juu ya maji, akalifunga, akaliachilia kando ya boya. Kisha akafanya jambo lililotaka kumpasua Venant moyo: akazima injini. "Wavu ikikatika hapa ku jiwe, njo ginsi tunaitafuta. Bidoni ya wazi, bila maji munda, inafwata upepo. Bidoni yenye kujaa inafwata maji. Angalia tu."

Venant aliangalia. Kwa muda bidoni lilizunguka pale pale kama lililopotewa na njia. Kisha likajinyoosha na kuanza kwenda, na lilikwenda kinyume cha mawimbi, likiyapita chini kwa chini, kuelekea upande wa kisiwa cha Idjwi, ziwani katikati. Watu wa mjini husema Kivu haina mkondo. Hawajafika kwenye mwamba huo, ambako maji yanabanwa na ukuta na yakiupita yanakimbia. Venant aliona kwamba kama Willy angemtii, wakati huo wangekuwa wanamtafuta Olive mahali ambapo hawezi kuwapo.

Wakalifuata bidoni, injini ikinong'ona tu. Venant alianza Salamu Maria, akafika katikati, akajikuta amerudi mwanzo, akaanza tena. Alimwahidi Mungu mambo mengi, mengine ya ajabu. Mawimbi yalipanda na kushuka, na kila lililopanda lilificha lililo nyuma yake. Hakuona kitu.

Ndipo akaisikia. Sauti nyembamba, yenye kukwaruza, mbili ndani ya moja kwa sababu ya ufa.

"Filimbi yangu!" alisema Venant. Alisimama wima ndani ya boti, yeye aliyekuwa hajathubutu hata kunyoosha mguu. "Willy, ile ni filimbi ya shule yangu! Kushoto! Kushoto!"

Wimbi lilishuka, na puto refu la rangi ya chungwa, lile wazamiaji hujaza hewa ili waonekane, likatokea, na chini yake kichwa cheusi cha mpira, na mkono unaopunga. Venant alipiga yowe ambalo hakuna mwanafunzi wake ambaye angeliamini. Walimvuta Olive ndani wote wawili, na mtungi wake na mapezi yake ya mpira. Alikaa chini, maji yakimchuruzika, na kifaa chake amekikumbatia kifuani.

"Muko munatoka wapi?" aliuliza. "Niko hapa tangu dakika makumi mbili. Nilipokata mukanda maji ikanitoa ku jiwe. Sikupigana nayo. Nikapanda pole pole, nikangojea dakika tatu munda ya maji, ju hewa itoke mu damu, nikatoka. Mara wimbi inaniinua, naona boti kule mbali. Naona kichwa yako imeinama. Papa Ghislaine, ulikuwa unaandika!"

Venant alimshika uso kwa mikono miwili, akalia waziwazi, bila kujificha kwa Willy wala kwa wavuvi wa dagaa wa sambaza waliokuwa wanapita mbali na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa. Alilia kwa furaha na kwa aibu, akacheka, akalia tena. Willy alijifanya ana shughuli na bidoni.

Olive alikuwa na nguvu ya kutosha kulichukua daftari. Alisoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye "mapovu mazuri sana" alicheka mpaka akakohoa.

"Ulisifu ziwa!"

"Nililisifu," alikiri Venant. "Na weye umeiba filimbi ya shule."

"Niliazima. Yangu ilipotea."

"Barthélemy nilimuandikia demande d'explication."

"Basi lundi utamuandikia ingine. Ya kuomba musamaha."

"Jumatatu nitaiandika," alisema Venant, na hakuwa amewahi kuahidi barua kwa moyo mweupe namna hiyo. Olive naye akasema taratibu kwamba hatazamia tena bila Jacques, hata kama kifaa ni cha dhahabu. Venant aliyapokea maneno hayo na hakuongeza hotuba, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe.

Njia ya kurudi ufukoni ilikuwa na jua zuri. Olive alijifunga kitenge juu ya nguo yake ya mpira, akaegemeza kichwa kwenye paja la mumewe, na uchovu ukamchukua kabla mnara wa kanisa la Katana haujaonekana. Viatu vya ngozi vilikuwa vimejaa maji. Venant hakuvijali. Alikuwa anasikiliza. Pumzi ndefu ilitoka. Halafu kimya, kile kile cha kutia wasiwasi. Halafu nyingine.

Alilivuta daftari polepole asimwamshe, akatazama saa, akaandika 11h40. Kalamu ikasita juu ya karatasi. Aliutazama mgongo wa mkewe uliokuwa ukipanda na kushuka chini ya kitenge, na bado hakuandika. Mwishowe akainama sikioni pake.

"Maman Ghislaine. Ni weye njo uko unapumua?"

"Ni miye," alijibu Olive bila kufumbua macho. "Andika."

Akaandika.