Bei Halali ya Unga wa Ngano

Theodora alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe aliiona ya haki. Mwaka wa kumi na mbili sasa ndiye aliyeoka mkate wa altare hapo Lulindi, na mkate huo haukubali mhogo wala mtama. Ni ngano tupu. Pasaka ilikuwa inakaribia, waumini wangekuja hata kutoka Mnyambe, halafu Ambrosi mwenye duka anapandisha ratili ya unga kutoka senti arobaini hadi sitini!

"Baba Yuliana, huu si wizi?" alimwuliza Ambrosi dukani.

"Mama Filemoni, ngano hailimwi hapa. Inatoka kaskazini kwa treni, inakuja Lindi kwa meli, kisha mwenye lori ananitoza mara mbili kwa sababu ya tope. Mimi nile nini?"

Tope! Theodora hakutaka kusikia habari za tope. Alikwenda kwa miguu mpaka Masasi, akamshitakia karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Karani akafungua jalada: bei ya serikali ni senti arobaini, basi. Siku ya tatu askari akaja kumwonya Ambrosi mbele za watu. Wanawake wakampigia Theodora vigelegele, naye akavipokea kwa madaha.

Jumatatu ya Juma Kuu alikwenda dukani na senti zake kamili. Chumvi ipo, sabuni ipo, mafuta ya taa yapo. Unga hakuna.

"Bei ni hiyo hiyo uliyoipigania," Ambrosi alisema. "Ila aliyeipanga alihesabu safari mpaka bandarini tu, sisi wa huku akatusahau. Kwa senti arobaini hata nauli ya lori hairudi. Sikuagiza. Na Masasi nako hakuna aliyeagiza."

Theodora aliweka senti zake zote mezani. "Lori linatoka Lindi kesho. Agiza, baba. Nitalipa sitini. Nitalipa hata themanini."

"Naogopa faini, mama. Kuna mama mmoja hapa hapa Lulindi, hachelewi kushitaki."

Theodora alikusanya senti zake, akatoka.

Siku ya Pasaka bibi Veridiana wa Mnyambe, aliyetembea tangu juzi yake, alipiga magoti mbele ya altare akakinga viganja vyote viwili apokee mkate. Padri alimwekea mkono kichwani, akambariki, akapita.