Breki ya Ngozi

Profesa hakuwahi kukanyaga chuo chochote. Jina hilo alipachikwa na majirani kwa kumtania, siku mashine yake ya kumenyea vitunguu ilipofyatua kitunguu kikapasua dirisha la nyumba ya pili, na likamganda mpaka kaburini. Kazi iliyomlisha ilikuwa kusoma mita za maji. Akitoka huko alimjulia mkewe hali, akapiga chai yake harakaharaka, kisha akapotelea karakana, chumba cha uani kilichopakana na chumba chao cha kulala. Humo alitengeneza vitu ambavyo, tuseme ukweli, vingi havikumfaa binadamu yeyote. Mwavuli wa kujifungua wenyewe ulijifungua ofisini, usoni pa bosi wake. Pampu isiyotumia umeme aliihangaikia miaka nenda miaka rudi, na mpaka anafumba macho ilikuwa haijatoa hata tone.

Katika nyumba ile wote waliitwa kwa majina ya utani, na la mkewe lilikuwa Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na pindo alilolikunja yeye halikufumuka ng'o. Kisha akaanguka ngazini, miguu ikapooza, na dunia yake yote ikawa kitanda, dirisha na ukuta.

Ukuta ndio uliomtia uchungu. Upande wa pili alimsikia mumewe akigonga, akikwaruza, akijisemesha na kucheka peke yake, na yeye huku kalala anahesabu mbao za dari. Alikuwa na mwiko aliouweka kando ya mto kwa kugongea ukuta. Akiugonga, nyundo ya huko ilinyamaza papo hapo, lakini mtu hakuja.

"Hiyo karakana ndiyo mkeo," alimwambia mumewe zaidi ya mara moja. Profesa alicheka tu, akamfunika shuka vizuri.

Kitu kimoja tu cha Profesa ndicho alichokikubali, nacho ni winchi. Ilikuwa na roda mbili za kupitishia kamba kwenye boriti ya dari, mnyororo wa baiskeli, mkoba wa turubai alioushona Mama Pindo mwenyewe, na ukutani sanduku la chuma lenye mkono wa kuzungushia. Ukizungusha, Mama Pindo anapanda taratibu kutoka kitandani, anasogezwa, anashushwa kwenye kiti cha magurudumu. Hata kitinda mimba wao, binti mwembamba ambaye upepo ungeweza kumchukua, aliweza kumnyanyua bila msaada. Siku ya kwanza, akiwa ananing'inia hewani kashikilia kamba kwa mikono miwili, Mama Pindo aliuliza kwa woga kama kitu hicho hakitamwangusha.

"Hakitakuangusha," alisema Profesa. "Hata siku moja."

Na hakikumwangusha. Kila mgeni alipewa hadithi hiyo: mume wangu katujazia nyumba makorokoro, lakini hicho kimoja hakijaharibika tangu kifungwe. Kila Jumamosi asubuhi Profesa alimtoa uani, binti akamwosha nywele juani. Mama Pindo aliipenda Jumamosi, ila hata siku hiyo mume hakukaa naye. Alirudi ndani, eti anatandika kitanda, na alikawia huko mpaka mkewe akawa anamtania kwamba anakitandika au anakiunda upya.

Profesa alikufa kazini, moyo ukasimama akiwa kainama kwenye mita ya watu. Hakuugua, hakuaga. Waombolezaji walipotawanyika, kifungua mimba wao, dereva wa lori, alibaki siku chache kuweka mambo sawa. Hakuwa na roho mbaya. Alitaka karakana ipate mpangaji, mama yake asikose cha kujikimu. Alisimama mlangoni akauliza vitu vya baba vifanyweje.

Mama Pindo alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, kwamba mtu ameishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo na ameondoka bila hata neno. Hasira ya kumkasirikia maiti haina pa kwenda, basi yake ikaenda karakana.

"Ondoa kila kitu," alisema. "Nisibakiziwe hata msumari."

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mkokoteni. Akiwa kitandani, Mama Pindo aliisikia pampu ikiburutwa uani na jiliwa, lile dude la kubania vyuma, likitupwa juu yake. Kisha zikaja karatasi. Profesa alichora nyuma ya kalenda za zamani, na zilijaa maboksi mpaka darini. Binti aliingia na mkunjo mmoja kifuani, akaomba walau michoro ihifadhiwe. Mama yake akamuuliza ihifadhiwe kwa ajili ya nani, na aliyekuwa anaielewa ndiye huyo wamemzika. Kaka yake akaichoma ndani ya pipa. Moshi ulipoingia chumbani Mama Pindo alikohoa, akataka dirisha lifungwe.

Mwisho kabisa kaka alileta kopo la maziwa lililojaa vipande vya ngozi, vyote vya kipimo kimoja, upana wa kiganja, vimetobolewa kwenye ncha.

"Mama, hivi ni vyako vya ushonaji?"

Alikishika kimoja. Kingo zilikuwa zimepunguzwa kwa kisu kwa uangalifu mkubwa, na ngozi ilinukia mafuta fulani. Kama fundi, hakuweza kujizuia kukisifu kimoyomoyo.

"Si vyangu," alisema. "Peleka motoni."

Kaka akarudi kwenye lori lake. Maisha yakaendelea kidogo. Kisha winchi ikaanza kulia kila ilipopanda, na binti akaipaka mafuta ya kupikia, akidhani inataka hayo tu. Baadaye ikawa inateleza kidogo ikishuka. Asubuhi moja, Mama Pindo akiwa katikati ya kitanda na kiti, mkono wa kuzungushia ulimponyoka binti, ukazunguka wenyewe kwa kasi, na mama akaenda chini kama gunia. Nyonga ikavunjika. Alirudi kutoka hospitali akiwa mtu wa maumivu, na daktari alikuwa amesema asilale tu, akalishwe kitini kila siku, la sivyo vidonda na mapafu vitammaliza.

Wakamwita mchomeleaji wa mtaani aitengeneze winchi. Alifungua sanduku la chuma, akachungulia muda mrefu.

"Nani alikuwa anaihudumia hii, mama?"

"Hakuna. Haijawahi kuharibika."

Mchomeleaji alimtazama, akaona si mzaha. Akaeleza kwa upole kwamba skrubu zimelika vichwa kwa kufunguliwa na kufungwa. Akachomoa kipande cha ngozi kilicholika, kimebaki chembamba kama ganda la kitunguu.

"Hii ndiyo breki. Haiwezi kumaliza mwezi. Kuna mtu alikuwa anaibadilisha kila wakati. Hakuacha akiba mahali?"

Mama Pindo alinyoosha mkono, akawekewa kipande kile kiganjani. Tundu kwenye ncha, kingo zilizopunguzwa kwa kisu, harufu ile ile ya mafuta. Binti alikuwa amegeukia dirishani.

Mchomeleaji alijitahidi, tumpe haki yake. Alikata ngozi ya mkanda, akajaribu na gunia la mchanga, likaporomoka. Akajaribu mpira wa tairi, ukashika kidogo halafu ukaungua. Alisema mzee aliiloweka ngozi kwenye kitu ambacho yeye hakijui, na akauliza kama kuna mchoro. Alipoambiwa hakuna, akakusanya vifaa vyake. Hawezi kumpandisha mtu kwa kubahatisha, alisema. Winchi za dukani zilikuwa za watu wengine, si wa hali yao.

Baada ya hapo Mama Pindo alikuwa na muda mwingi wa kufikiri, na hakutamani kuwa nao. Alifikiria zile Jumamosi na kitanda kilichotandikwa kwa saa nzima. Alifikiria nyundo ya upande wa pili. Si kila mlio ulikuwa wa ngozi ya breki, alilijua hilo. Pampu ilikuwepo, na mwavuli wa kipuuzi ulikuwepo. Lakini mingine ilikuwa kwa ajili yake, na hatajua kamwe ni ipi. Kila alipogonga kwa mwiko, na mume akanyamaza kwa kumheshimu, huenda alikuwa anamkatiza anayemshikilia asianguke. Aliona aibu, na hapakuwa na wa kumwomba radhi.

Mpangaji alihamia karakana. Jumamosi iliyofuata binti alileta beseni kitandani amwoshe mama yake nywele humo humo, maji yakilowesha godoro, na juu yao mkoba wa turubai ukining'inia mtupu. Mara upande wa pili mpangaji akaanza kupigilia misumari. Binti alimwona mama yake amekunja uso, akadhani ni kelele. Akauchukua mwiko ili agonge ukuta kama ilivyozoeleka.

Mama Pindo aliushika mkono wake, akautoa mwiko vidoleni.

"Mwache," alisema. "Mwache agonge."